Zoezi la uwepo wa Mungu

Zoezi la uwepo wa Mungu ni njia ya maisha ya kiroho ambayo Mkristo anajizoesha kukumbuka, katikati ya shughuli zake zote, kwamba Mungu yupo naye, na kuzungumza naye kwa maneno machache au kwa moyo tu, bila kungoja saa ya sala wala kwenda kanisani. Lengo lake si kupata hisia za pekee, bali kukua katika imani, tumaini na upendo, mpaka ukumbusho huo uwe sehemu ya tabia ya mtu.

Wazo lenyewe ni la zamani kama Biblia, lakini jina hilo linahusishwa hasa na Laurenti wa Ufufuko (1614 hivi – 1691), bradha wa shirika la Wakarmeli Peku aliyekuwa mpishi, na baadaye fundi wa makubazi, katika konventi ya Paris, Ufaransa. Hakuwa padri wala mwanateolojia. Barua zake 16, mazungumzo 4 aliyofanya na padri mmoja, na maandishi yake mengine mafupi vilichapwa baada ya kifo chake. Tangu wakati huo vimesomwa na Wakatoliki na Waprotestanti vilevile.

Maana ya uwepo wa Mungu

Ili kuelewa zoezi hili ni lazima kutofautisha mambo matatu yanayochanganywa mara nyingi: uwepo wenyewe, imani katika uwepo huo, na hisia ya uwepo.

Kuhusu uwepo wenyewe, Ukristo unafundisha kwamba Mungu yupo kila mahali. Thoma wa Akwino (1225 hivi – 1274) alieleza kwamba Mungu yumo katika vitu vyote kwa namna tatu: kwa uwezo wake, kwa kuwa vyote viko chini ya mamlaka yake, kwa kujua kwake, kwa kuwa vyote viko wazi mbele ya macho yake, na kwa dhati yake, kwa kuwa ndiye anayevifanya viwepo. Kwa namna hizo Mungu yupo hata kwa mtu asiyemfikiria kabisa. Tena yupo kwa namna ya pekee, kwa neema, ndani ya mtu anayempenda na kushika neno lake (taz. Yn 14:23).

Imani ni kukubali kwamba jambo hilo ni kweli, hata kama mtu hasikii chochote. Hisia ni furaha, amani, machozi au joto la moyo ambavyo pengine vinafuatana na imani, na pengine havifuatani nayo.

Kwa hiyo zoezi hili halimleti Mungu mahali asipokuwepo. Linachobadilisha ni usikivu wa mtu. Mwalimu yupo darasani hata kama mwanafunzi amesinzia. Mwanafunzi akiamka hakumleta mwalimu, ila ameanza kufaidika na uwepo wake.

Msingi katika Biblia

Katika kitabu cha Mwanzo, Henoko na Nuhu wanasifiwa kwa kuwa walikwenda pamoja na Mungu (Mwa 5:24, 6:9). Yakobo, akimkimbia kaka yake, alilala njiani na kuamka akitambua kwamba Bwana alikuwa mahali pale wakati yeye hakujua (Mwa 28:16). Musa alikataa kuendelea na safari ya jangwani kama Mungu hatakwenda pamoja na watu wake (Kut 33:15). Nabii Eliya, mlimani Horebu, hakumkuta Bwana katika upepo wa nguvu, wala katika tetemeko, wala katika moto, bali baada ya hayo, katika sauti ndogo ya utulivu (1 Fal 19:11-13). Zaburi 139 inaeleza kwa urefu kwamba hakuna mahali ambapo binadamu anaweza kujificha mbele ya Mungu.

Katika Agano Jipya, Injili ya Mathayo inaanza kwa kumwita Yesu jina la Emanueli, na kumalizika kwa ahadi yake ya kubaki na wanafunzi wake siku zote (Mt 1:23, 28:20). Injili ya Yohane inatumia mfano wa mzabibu na matawi: tawi haliwezi kuzaa likikatika na shina (Yn 15:1-8). Mtume Paulo aliwahimiza Wathesalonike wasali bila kukoma (1 Thes 5:17), na Wakolosai wafanye lolote walifanyalo kwa jina la Bwana Yesu (Kol 3:17).

Habari ya Martha na Maria (Lk 10:38-42) mara nyingi imeeleweka kana kwamba kazi za nyumbani ni kizuizi cha sala. Lakini katika habari hiyo Yesu hamlaumu Martha kwa kupika, bali kwa kuhangaika na kufadhaika kwa ajili ya mambo mengi. Ndiyo sababu suala la jiko lilirudi mara kwa mara katika historia ya jambo hili.

Historia kabla ya Laurenti

Agizo la kusali bila kukoma liliwapa wamonaki wa kwanza swali gumu: linawezekanaje kwa mtu anayepaswa kula, kulala na kufanya kazi? Yohane Kasiani (360 hivi – 435 hivi), aliyeishi kati ya wamonaki wa Misri, aliandika kwamba wao walikuwa wakirudia mfululizo mstari mmoja mfupi wa zaburi unaomwomba Mungu msaada wa haraka (Zab 70:1), wakiwa kazini, safarini na kitandani. Benedikto wa Nursia, katika kanuni yake ya karne ya 6, aliwataka wamonaki wakumbuke kwamba Mungu anawaona mahali pote na saa zote. Upande wa mashariki ulikua utaratibu wa Sala ya Yesu, yaani kulitaja jina lake kwa ombi fupi la kuhurumiwa, mpaka sala ishuke kutoka midomoni hadi moyoni.

Katika karne ya 16, Inyasi wa Loyola aliwafundisha Wajesuiti kumtafuta Mungu katika mambo yote na kuchunguza dhamiri kila siku ili kutambua alipopita. Teresa wa Avila, mrekebishaji wa Wakarmeli, aliwaambia masista wake wasihuzunike utii ukiwatoa kikanisani na kuwapeleka jikoni, kwa kuwa Bwana anatembea hata kati ya vyungu. Laurenti aliingia katika shirika lililotokana na urekebisho huo.

Maisha ya Laurenti wa Ufufuko

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Nicolas Herman. Alizaliwa mwaka 1614 hivi katika kijiji cha Hériménil, karibu na Lunéville, katika eneo la Lorraine, ambalo wakati huo lilikuwa na mtawala wake na halikuwa bado sehemu ya Ufaransa.

Alipokuwa na umri wa miaka 18, wakati wa baridi kali, alitazama mti uliopukutika majani yote. Akafikiri kwamba baada ya muda mfupi mti ule ungechipua tena majani, kisha maua na matunda. Wazo hilo la kawaida lilimwachia picha ya nguvu na maongozi ya Mungu ambayo haikufutika maisha yake yote.

Hata hivyo hakuwa mtawa mara moja. Alikuwa askari katika Vita vya miaka 30 (1618 – 1648) vilivyoharibu sehemu kubwa ya Ulaya. Aliwahi kukamatwa na askari wa Kijerumani, akadhaniwa mpelelezi na kutishiwa kunyongwa. Baadaye alijeruhiwa, akabaki akichechemea. Alipoacha vita alijaribu maisha ya upweke, ila hakudumu. Kisha akawa mtumishi katika nyumba ya tajiri mmoja huko Paris. Mwenyewe alisimulia kwamba alikuwa mzito wa mikono na kuvunja kila kitu.

Mwaka 1640 alipokewa na Wakarmeli Peku wa Paris kama bradha, akaweka nadhiri tarehe 14 Agosti 1642. Kwa miaka kama 15 alifanya kazi jikoni, akiipikia jumuiya kubwa, ingawa kwa asili yake hakuipenda kazi hiyo. Mguu ulipomzidi alihamishiwa kwenye ufundi wa makubazi. Pengine alitumwa mbali kununua divai. Kwa sababu ya kilema chake aliweza kwenda huku na huku mashuani kwa kujiviringisha juu ya mapipa tu.

Kuanzia tarehe 3 Agosti 1666 padri Joseph de Beaufort alifika kuzungumza naye na kuandika aliyoyasikia. Laurenti alifariki dunia tarehe 12 Februari 1691. Beaufort alitoa maandishi ya Laurenti mwaka 1692, na mazungumzo yao mwaka 1694.

Miaka ya giza

Wasomaji wengi wanamfikiria Laurenti kama mtu aliyezaliwa na furaha. Barua zake zinaonyesha kinyume. Kwa miaka kama 10 ya kwanza utawani aliteseka sana: dhambi zake za zamani zilikuwa mbele yake daima, na alihofia kwamba upendeleo aliokuwa ameupata kwa Mungu ulikuwa ndoto yake tu. Kwa muda mrefu aliamini kwamba atapotea milele, na hakuna mtu aliyeweza kumwondolea wazo hilo.

Hakutoka katika giza hilo kwa kupata ono wala kwa kugundua mbinu mpya. Aliamua tu kwamba, hata apotee au aokoke, angeendelea kufanya yote kwa kumpenda Mungu, walau kwa siku alizobakiwa nazo. Alipokubali kwamba huenda angeishi na shida hiyo mpaka mwisho, ndipo alipojikuta amebadilika ghafla na kupata amani ambayo haikumtoka tena.

Jambo hilo ni kiini cha mafundisho yake. Kama angekuwa anatafuta amani yenyewe, angeacha zoezi katika mwaka wa kwanza. Alichotafuta ni Mungu, na amani ilimjia baadaye.

Mafundisho yake

Mafundisho ya Laurenti ni machache, naye aliyarudia kwa watu wa aina zote.

Kwanza, kazi na sala si vitu viwili vinavyogombania muda. Alisema kwamba kwake saa ya kazi haikuwa tofauti na saa ya sala. Katika makelele ya jikoni, watu kadhaa wakidai vitu tofauti kwa pamoja, alikuwa na utulivu kama vile amepiga magoti mbele ya Ekaristi.

Pili, thamani ya tendo haitokani na ukubwa wake bali na upendo. Aliweza kugeuza yai kikaangoni kwa upendo wa Mungu, au kuokota unyasi sakafuni kwa ajili yake, na hilo likamtosha.

Tatu, mtu azungumze na Mungu kwa unyofu, kama na rafiki: amwombe msaada kabla ya kazi, amshukuru baada yake. Akishindwa, akiri kosa lake kwa unyenyekevu, aombe msamaha, aendelee bila kukata tamaa. Laurenti hakushangazwa na udhaifu wake. 

Nne, mawazo yakitangatanga wakati wa sala yasifukuzwe kwa ukali, kwa sababu ukali unaongeza fujo. Yarudishwe taratibu. Alimshauri mtu mwenye shida hiyo akae mbele ya Mungu kama maskini bubu au aliyepooza anavyokaa mlangoni kwa tajiri.

Tano, zoezi hili ni la watu wote. Katika barua mojawapo alieleza kwamba hata askari aliye safarini na silaha mkononi anaweza kuinua moyo kwa kitambo kidogo, wala hilo halitampunguzia ushujaa.

Laurenti alikiri kwamba mwanzoni inahitajika jitihada, na kwamba mtu husahau mara nyingi. Mazoea yakijengeka, jitihada inapungua na upendo unashika nafasi yake.

Mabishano

Mwishoni mwa karne ya 17 Kanisa Katoliki lilitikiswa na suala la Kwietizimu, fundisho lililotia chumvi utulivu wa roho kiasi cha kuonekana kudharau jitihada, maombi ya kawaida na mapambano dhidi ya dhambi. Papa Inosenti XI alilaani hoja za Miguel de Molinos mwaka 1687. Nchini Ufaransa ubishi uliwakabilisha maaskofu wawili maarufu, Bossuet na Fénelon. Fénelon alikuwa amewahi kumtembelea Laurenti, naye alimtaja katika kujitetea. Mwaka 1699 Papa Inosenti XII alilaani hoja 23 kutoka kitabu cha Fénelon.

Shutuma hiyo haikuhusu maandishi ya Laurenti, lakini yaliingiwa na kivuli cha tuhuma kati ya Wakatoliki wa Ufaransa. Ndipo Mprotestanti Pierre Poiret, aliyeishi Uholanzi, alipoyachapa upya. Katika karne ya 18 John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, aliingiza sehemu yake katika mkusanyo wake wa vitabu kwa ajili ya waamini wake. Hivyo bradha Mkatoliki alihifadhiwa kwa sehemu kubwa na Waprotestanti.

Kwa kweli Laurenti alikuwa mbali na uzembe wa kiroho. Hakuacha kazi, wala sala za jumuiya, wala kitubio. Kumwachia Mungu yote kwake kulimaanisha kutimiza wajibu bila wasiwasi, si kuuacha.

Katika karne ya 20 na Afrika Mashariki

Tangu Januari 1930 Frank Laubach, mmisionari Mmarekani katika kisiwa cha Mindanao, Ufilipino, alijaribu kumkumbuka Mungu kila dakika ya siku na kuandika kuhusu mafanikio na kushindwa kwake. Alikiri kwamba siku nyingine alishindwa kabisa. Jaribio hilo halikumtenga na watu: ndiyo miaka aliyojitosa kufundisha kusoma na kuandika, kazi iliyomfanya ajulikane duniani.

Miaka hiyohiyo ulianza Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotokea hasa Gahini, Rwanda, na kuenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Kati ya walioutanguliza ni Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church. Haukutokana na Laurenti, lakini ulikazia jambo la karibu: kutembea nuruni kila siku (taz. 1 Yoh 1:7), yaani kuishi mbele ya Mungu bila kuficha kitu, kuungama mara kosa linapotambuliwa na kupatana na wenzako. Hapo uwepo wa Mungu ulipimwa kwa deni lililolipwa na ugomvi uliokwisha.

Siku hizi, katika ibada nyingi za Kipentekoste na za Karismatiki, neno “uwepo” linatumika hasa kwa hali inayosikika wakati wa kusifu na kuabudu. Matumizi hayo yana msingi wake, kwa kuwa Biblia pia inasimulia watu waliojazwa furaha au hofu mbele ya Mungu. Ila yakitenganishwa na imani ya kila siku, mwamini anaweza kudhani kwamba Mungu anashuka Jumapili na kuondoka Jumatatu.

Hatari na dalili za ukuaji wa kweli

Walimu wa maisha ya kiroho wanataja hatari tatu. Ya kwanza ni kutafuta hisia badala ya Mungu. Ya pili ni kukimbia wajibu kwa kisingizio cha sala. Ya tatu ni kuchukua kila wazo la moyoni kuwa sauti ya Mungu na kulitumia kutawala wengine. Dhidi ya hiyo, mapokeo yanadai wazo lipimwe kwa Maandiko, kwa ushauri wa watu wenye busara na kwa matunda yake.

Kwa upande mwingine, kutosikia chochote si ushahidi kwamba Mungu amemwacha mtu. Yohane wa Msalaba aliandika kirefu juu ya usiku ambao roho inatakaswa bila matulizo. Barua za Mama Teresa wa Kolkata, zilizotolewa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba kwa miongo mingi aliwahudumia maskini bila kuhisi uwepo wa Mungu. Alitangazwa mtakatifu mwaka 2016. Pamoja na hayo, huzuni nzito isiyokwisha inaweza kuwa ugonjwa, na kutafuta tiba hakupingani na imani.

Dalili za ukuaji wa kweli ni za kawaida kuliko wengi wanavyotarajia: uvumilivu zaidi na watu wasumbufu, uaminifu katika kazi isiyoonekana, wepesi wa kuomba radhi, na kupungua kwa wasiwasi. Ndiyo matunda ya Roho yanayotajwa na Paulo (Gal 5:22-23).

Namna ya kulitekeleza

Hakuna utaratibu mmoja unaolazimishwa, lakini yafuatayo yanapendekezwa mara nyingi:

1. Kuanza siku kwa kumtolea Mungu kazi, masomo na watu watakaokutana nawe.
2. Kuchagua ombi fupi linalokumbukika kwa urahisi, kama mstari wa zaburi au jina la Yesu.
3. Kutumia vitu vya kawaida kama vikumbusho: kengele ya kipindi, kuwasha moto wa jiko, kusubiri daladala. Kwa Wakatoliki kengele ya Malaika wa Bwana, asubuhi, mchana na jioni, ina kazi hiyohiyo.
4. Kutua kidogo kabla na baada ya kila kazi, ili kuomba na kushukuru.
5. Ukisahau, kurudi mara moja bila kujilaumu kwa muda mrefu.
6. Kumaliza siku kwa kuitazama upya: wapi palikuwa na shukrani, wapi panahitaji msamaha.

Kazi inayodai akili yote, kama kufanya mtihani au kuendesha gari, ifanywe kwa akili yote. Hapo kuikabidhi kazi kwa Mungu mwanzoni kunatosha, kwa kuwa kuifanya vizuri kwa upendo ni sala tayari. Wala zoezi hili halichukui nafasi ya ibada, sakramenti na usomaji wa Biblia. Linavisindikiza nyumbani, shambani na kazini, mahali ambapo watu wengi wanatumia sehemu kubwa ya maisha yao.